Msaada: Tapeti moja ya egzosti inajifungua kila baada ya mbio, nyingine 15 zimetulia

Injini355 (Dallas)

Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri kabla sijaiwasha tena hii mashine Jumamosi.

Nina Camaro ya 1979. Injini ni Chevrolet V8 ndogo, ile 350, silinda zimechongwa ikawa 355. Bloki ya chuma, hedi za alumini, kemshafti (kemu) ya rola na lifta ngumu (vipande vinavyopanda nundu za kemu na kusukuma fimbo za pushirodi hadi kwenye roka), siyo zile za kujazwa oili. Roka, zinazosukuma valvu, ni za 1.5, yaani upande wa valvu husogea mara 1.5 ya upande wa pushirodi. Nakimbiza robo maili pale Texas Motorplex, Ennis, kwenye mbio za kutaja muda. Kwa ambao hawazijui: unaandika kwenye kioo muda utakaokimbia, na ukikimbia haraka kuliko ulivyoandika umetoka. Kwa hiyo gari langu kurudia muda uleule kila mara ndiyo roho ya mchezo. Mimi huandika sekunde 11.20.

Tatizo ni silinda namba 6, valvu ya egzosti. Niliseti nafasi ya tapeti, yaani uwazi kati ya roka na ncha ya valvu, kwa zote injini ikiwa imepoa, 0.016 ya inchi kwa inleti na 0.018 kwa egzosti. Baada ya wikiendi ya kwanza nikafungua tapeti kava: valvu 15 ziko palepale, hiyo moja imefika 0.025. Nikairudisha 0.018. Wikiendi iliyofuata nikakuta 0.030. Gari nalo limeanza 11.26, 11.27, na linatoa mlio kama mtu anagonga sarafu juu ya meza ya bati.

Jamaa wa pembeni yangu uwanjani aliniambia niiseti tu kila baada ya raundi na maisha yaendelee. Moyo wangu haujakubali. Nifanyeje?

Nairobi_4AGE

Pole sana ndugu. Swali kwanza, hizo namba umetoa wapi? Kadi nyingi za kemu za aina hiyo nimeona zikiandika 0.022 na 0.024. Huku kwetu nina Corolla yenye injini ya 4A-GE na mambo ni mengine kabisa: inleti 0.15 hadi 0.25 milimita, egzosti 0.20 hadi 0.30, injini ikiwa baridi, na hakuna nati ya kuzungusha. Unabadilisha shimu (vibati vya unene tofauti), unapima tena, unabadilisha tena.

Injini355

Asante ndugu. Kadi yangu kweli inasema 0.022 na 0.024, lakini ni injini ikiwa moto. Nikatoa 0.006 kwa sababu ya hedi za alumini.

MzeeWaSpana (Tanga)

Na hapo umefanya sawa kijana, wengi huangukia hapo. Alumini ikipata moto inatanuka kuliko chuma, hedi inainuka, roka inapanda nayo, nafasi inaongezeka. Bloki ya chuma na hedi za alumini, unapunguza 0.006 ukiseti baridi. Ikiwa bloki nayo ni alumini, unapunguza kama 0.012. Ikiwa vyote ni chuma, unaongeza 0.002. Ungeseti 0.024 kwenye baridi, ikipata moto ungekuwa kwenye 0.030 na rola ingekuwa inapigwa nyundo kila mzunguko.

Sasa nijibu mawili. Unapimaje? Kuna mafundi wanaleta silinda namba 1 juu, wanaseti valvu nusu, wanazungusha krenki mara moja, wanaseti nusu nyingine. Kwa kemu ya kiwandani inakubali. Kwa kemu ya mbio, ambayo inashikilia valvu wazi kwa muda mrefu, baadhi ya lifta zinakuwa zimeshaanza kupanda nundu wakati wewe unachomeka fila, kile kibati cha kupimia uwazi. Unaseti uongo.

La pili, poliloki zako, zile nati za roka zenye skrubu ya kufungia ndani, ulizikazaje?

Injini355

Shikamoo mzee. Nakiri nilitumia hiyo njia ya nusu kwa nusu. Poliloki nilikaza nati, nikaingiza fila, kisha nikabana skrubu ya aleni ya ndani.

MzeeWaSpana

Marahaba. Basi rudia kupima, silinda moja moja. Zungusha krenki kwa mkono, polepole, plagi zote zikiwa nje. Tazama egzosti ya silinda unayoishughulikia. Ikianza tu kusukumwa chini, simama, pima inleti ya silinda hiyohiyo. Endelea kuzungusha: inleti itafunguka yote, itaanza kurudi. Ikikaribia kufunga, simama, pima egzosti. Fuata mpangilio wa kuwaka, 1-8-4-3-6-5-7-2, hutazungusha bure.

Na poliloki, usibane skrubu ya ndani peke yake. Bana skrubu kwanza, halafu shika nati kwa spana na aleni kwa mkono mwingine, vizungushe pamoja kidogo sana mpaka usikie vimeumana. Nafasi itapungua, kwa hiyo acha 0.001 au 0.002 ya ziada mwanzoni, kisha upime upya. Uwe na mkono mwepesi. Stadi ya 7/16, bolti inayoshika roka, ina nyuzi 20 kwa inchi, mzunguko mmoja ni 0.050, na kwa roka ya 1.5 kwenye ncha ya valvu hiyo inakuwa 0.125, mara 2.5, kwa kuwa roka nzima inashuka (1 jumlisha 1.5). Ukisogeza nati robo tu, umesogeza 0.031. Ndiyo maana mtu akisema "nimeizungusha kidogo tu" huwa namuuliza kidogo kiasi gani.

Mwisho, chora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye poliloki hadi mgongoni mwa roka, na mwingine kutoka skrubu hadi nati. Nati ikilegea, mstari utakatika na utajua.

Injini355

Nimerudi wakuu. Mistari niliichora Jumatano, jana usiku nikaenda kwenye majaribio, nikakimbia mara tatu tu. Leo asubuhi injini imepoa, nimepima zote 16 kwa njia ya mzee.

Valvu 15 hazijatoka nje ya 0.001. Egzosti ya 6, niliyoiacha 0.018, inasoma 0.030. Mstari wa rangi haujakatika, wa nati wala wa skrubu. Uko mzima kama nilivyouchora.

FundiDada (naendesha lathe na mashine ya hedi, Columbus)

Kaka, usiiwashe tena hiyo injini. Hata kuihamisha kutoka gereji usiiwashe, isukume.

Nati haijasogea na nafasi imeongezeka. Basi kuna chuma kimeondoka mahali au kimepinda. Nafasi ya tapeti watu wanaichukua kama kitu cha kuseti, mimi naichukua kama kipimo cha afya, na upande inakoelekea ndio unaokuambia pa kutafuta. Ikibana, angalia juu: valvu inazama kwenye siti yake, au kichwa cha valvu kinavutika kwa joto. Ikifunguka, angalia chini: nundu ya kemu, lifta, pushirodi, au ncha za roka. Pia stadi kung'oka, lakini hizo hedi zako za alumini stadi zake ni za kufunga kwa nyuzi, kwa hiyo naiweka mwisho.

Piga hesabu. Umepoteza 0.012 kwenye valvu. Gawa kwa 1.5 ya roka: upande wa pushirodi imepotea 0.008, ambayo ni kama 0.2 ya milimita. Kwa mbio tatu! Pushirodi iliyopinda huwa inapinda mara moja na kutulia. Hii inaendelea kula. Mimi nashuku beringi za sindano ndani ya rola ya lifta.

Kata oili filta. Usiitoboe kwa tindo, utamwaga vipande vyako mwenyewe humo ndani ukachanganyikiwa. Tumia kikata filta, toa karatasi, ifunge kwenye kitambaa uibane kwenye jiliwa mpaka oili itoke, kisha ikunjue mwangani mkunjo kwa mkunjo. Pitisha sumaku. Vinavyonata ni chuma cha lifta, kemu au pushirodi. Visivyonata, vya rangi ya fedha iliyofifia, ni vya beringi za krenki.

Nairobi_4AGE

Dada, na kama filta iko safi?

FundiDada

Bado anatoa inteki manifoldi na kuchomoa lifta. Filta safi haimtoi mashakani, sindano nzima inaweza kuwa imelala kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini. Jambo ninalolihofia ni hili: sindano zikimwagika, rola inaacha kuzunguka, inaburuzwa juu ya nundu, na kemu inakwisha dakika hiyohiyo. Nimeshapokea bloki ambayo lifta ilijigeuza ikapasua tundu lake. Ile haikurekebishika.

Kigamboni_V8

Naunga mkono. Niongeze moja kuhusu huyo jamaa wa pembeni. Ni kweli timu za Top Fuel, daraja la juu la mbio hizi za kunyooka, hufungua injini nzima kati ya raundi na kuijenga upya, tangu 2008 wanakimbia futi 1,000 badala ya 1,320 na bado wanafungua. Lakini wale wanabadilisha vipuri, hawafichi tatizo kwa spana. Ukiiseti kila raundi unajinyima dalili pekee uliyonayo.

Injini355

Wakuu, nimekata filta jana usiku. Mikunjo ya kwanza kumi haikuwa na kitu. Halafu nikaanza kuona nyuzi fupi, nyembamba kuliko sindano ya kushonea, zinameta. Nilivyosogeza sumaku zikasimama zote.

Lifta nimezitoa leo. Za 6 zimeungwa pamoja kwa kishikizo, kwa hiyo nilishika zote mbili mkononi. Ya inleti, rola inazunguka laini na haichezi hata kidogo. Ya egzosti inacheza juu na chini, unaisikia "tak tak" ukiisukuma kwa kidole gumba, na ukiizungusha inakwama sehemu moja kabla ya kupita. Nundu yake ina ufito mwembamba uliofifia katikati, lakini ukipitisha ukucha haunasi.

FundiDada, umeniokolea bloki. Sina namna nyingine ya kulisema. Sasa naomba jibu: nibadilishe hizo mbili tu?

FundiDada

Mungu mkubwa kaka. Hapana, zote 16, zimefanya kazi saa zilezile. Toa sampu, fungua kepu za krenki zote uangalie beringi, osha njia za oili kwa brashi ndefu. Kemu mpelekee mtu aipime, ukucha pekee hautoshi.

Na usifunge chochote kabla hujajua kwa nini ilikuwa hiyo na si nyingine. Pima springi. Springi ikichoka, valvu inaelea kwenye mzunguko mkubwa, lifta inaachana na nundu kisha inarudi kwa kishindo. Halafu, unasubiri foleni na sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ya ngapi? Oili ya rola hurushwa na krenki, ukiiacha ikinguruma chini sana robo saa inapata kidogo.

Injini355

Sailensi 750. Nitaipandisha ifike 1,100.

Springi nimezipima asubuhi hii. Zilipofungwa zilikuwa pauni 220 valvu ikiwa imefunga. Leo 15 zinasoma kati ya 205 na 212. Ya egzosti namba 6 inasoma 148. Nimeitoa, nimeiweka juu ya kioo pamoja na jirani yake: ni fupi, na koili ya ndani ina ufa mahali ilipokuwa inasuguana na ya nje.

MzeeWaSpana

Agiza seti nzima ya springi, na ukizifunga andika namba ya kila moja kwenye daftari pamoja na nafasi za tapeti, tarehe, na idadi ya mbio. Jumamosi hii gari libaki nyumbani.

Injini355

Limebaki mzee. Injini iko kwenye stendi, sampu imeshatoka. Nitaleta majibu ya beringi za krenki kesho.