Mrejesho: Bega langu na ultrasaundi

Wakuu, naleta mrejesho. Niliuliza humu kama ultrasaundi (kipimo cha picha kwa mawimbi ya sauti) inaweza kuonyesha tatizo la bega, maana eksirei ilitoka safi huku mkono ukigoma kupanda juu ya kichwa. Inaweza, na kwangu imeonyesha.

Eksirei huona mfupa. Kano (nyuzi zinazounganisha msuli na mfupa) zilizochanika hazionekani humo. Mtaalamu alinipaka jeli, akatumia kifaa bapa cha mawimbi ya masafa ya juu zaidi, si kile cha kupimia wajawazito. Kilichonifurahisha ni kuambiwa nizungushe na kuinua mkono huku anatazama skrini. Kwenye MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) unalala tuli, ole wako ujikune. Akapima na bega la pili lisilo na tatizo ili alinganishe. Majibu: kano ya juu ya bega imechanika sehemu, haijakatika yote, na kifuko cha majimaji kilicho juu yake kimevimba.

Mliosema kipimo hiki kinategemea mkono wa mpimaji mlisema kweli. Kifaa kikiinama kidogo tu, kano isiyo na tatizo huonekana nyeusi kama iliyochanika, ndiyo maana alikigeuzageuza kabla ya kuandika lolote. Ndani ya mfupa hakioni, na gegedu (tishu laini ya kwenye kiungo) iliyojificha ndani ya kiungo hukishinda. Hapo MRI ndiyo kazi yake.

Sindano ya matibabu nimeikataa kwa sasa, nipo kwenye fiziotherapia. Kuchana nywele naweza, ndoo ya maji bado. Aliyepona mchaniko kama huu bila upasuaji, ilikuchukua muda gani?