Naomba ushauri: bia ya maua, niionje vipi?

Habari zenu wapendwa. Niko Ubelgiji, nimepewa chupa mbili za saison, bia iliyokuwa ikipikwa mashambani Wallonia, kusini mwa nchi hii, kipindi cha baridi, ikanywewa na vibarua kiangazi. Hii imetiwa maua ya kamomili.

Ya kwanza niliifungua ikitoka kwenye friji. Povu lilipanda likamwagika mezani, nikaonja ukali kama wa pilipili manga na uchachu kidogo, maua sikuyasikia kabisa. Glasi ya mwisho ilikuwa na ukungu wa mashapo ya hamira. Iliniuma, maana harufu ndiyo niliyoitaka.

Ya pili nimeisimamisha wima tangu juzi. Jumamosi nataka shemeji aionje. Je, niimimine ikiwa na nyuzi joto ngapi? Na mashapo niyaache chini au niyachanganye?