Mafundi, acheni kuzika TV nzima za plasma kwa neno "kioo kimekufa". Toeni vipimo!

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa hasira na sitaificha. Kuna mchezo unachezwa kwenye karakana zetu na umezidi. Mtu anapeleka TV yake ya plasma imegoma kuwaka. Fundi anafungua mfuniko wa nyuma, anaitazama dakika mbili, anatamka: "Kioo kimekufa mzee, achana nayo, LED siku hizi bei poa." Hajashika mita. Hajasoma stika ya volti. Mwenye mali anaiacha palepale kwa hela ya nauli, na baada ya siku chache pawasaplai (bodi ya umeme), bodi ya Y (inayosukuma umeme kwenye kioo) na mainboard (bodi kuu) za TV ileile zinauzwa mojamoja. Kama zote hizo ni nzima, aliyesema TV haiponi alipima nini?

Uongo wa pili ni huu: "gesi imeisha". Tuuzike leo. Kioo cha plasma ni vioo viwili vilivyozibwa kiwandani, katikati kuna vijumba vidogo vyenye mchanganyiko wa neon na xenon. Umeme ukipita, gesi inatoa mionzi ya urujuanimno, mionzi inaipiga fosfori (unga uliopakwa ndani ya vijumba), na fosfori ndiyo inayotoa rangi unayoiona. Hakuna valvu, hakuna pa kujazia, wala hakuna fundi duniani anayejaza gesi ya plasma. Kinachochoka taratibu ni fosfori, na Panasonic kwa matoleo yake ya baadaye walitaja saa 100,000 mpaka mwanga upungue nusu. Kwa saa 5 kwa siku, hiyo ni zaidi ya miaka 50. Anayekuomba pesa ya "kujaza gesi" anakuibia.

Na plasma haikuondoka sokoni kwa picha mbaya. Pioneer, wenye plasma maarufu za Kuro, walitangaza kuachana na TV Februari 2009. Panasonic walifunga uzalishaji wa plasma Desemba 2013, Samsung na LG wakafuata 2014. LCD (LED za leo ni LCD zenye taa za LED nyuma) zilikuwa rahisi kutengeneza, nyepesi, zinakula umeme kidogo na zinang'aa zaidi chini ya taa za dukani. Kwenye sebule yenye giza, mpira ukichezwa na watu wamekaa mpaka pembeni kabisa, plasma nzuri ya 2012 au 2013 bado inaipita LED ya bei rahisi: kila nukta inajiwashia yenyewe, weusi ni weusi, mpira hauachi mkia, na aliyekaa pembeni anaona rangi ileile.

Sasa tuje kwenye vipimo. Fundi asiyeweza kufanya haya asikushikie TV.

Usalama kwanza, maana hapa mtu anakufa kweli. Kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani inakaa na karibu volti 400, na mstari wa Vs (umeme mkubwa unaowasha kioo) una volti 180 mpaka 210. Kuchomoa waya ukutani hakutoshi. Subiri dakika kumi, toa chaji iliyobaki kwa balbu ya zamani ya wati 60 yenye nyaya mbili zilizofunikwa vizuri, kisha hakikisha kwa mita kuwa imeshuka chini ya volti 10. Kupiga shoti kwa bisibisi kunachoma njia za bodi na kunaweza kuua kapasita yenyewe.

TV haina hata taa nyekundu? Anza na fyuzi, kisha volti 5 za stendibai. Fyuzi ikiwa nyeusi kwa ndani kuna kitu kimepiga shoti mbele yake, kuweka fyuzi mpya peke yake ni kuichoma tena. Kapasita zilizovimba kichwa zibadilishwe kwa za nyuzi joto 105, ESR (ukinzani wa ndani) ndogo, mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi kidogo, na mstari wa hasi ukae ulipokuwa. Kazi ndogo hii, na bado watu wanatupa TV kwa ajili yake.

Relei (swichi ya umeme ya ndani) inalia "ka", sekunde chache inalia tena na TV inazima? Hapa ndipo plasma nyingi zinapozikwa zikiwa hai. TV ikiwa haina umeme wala chaji, chomoa plagi za Vs zinazotoka pawasaplai kwenda bodi ya Y na mwenzake wa upande wa pili wa kioo, bodi ya Z (hayo ni majina ya LG; Samsung wanaita Y na X, Panasonic SC na SS). Weka mita kwenye alama ya diodi, waya mmoja kwenye pini ya Vs ya bodi, mwingine kwenye graundi, halafu geuza nyaya. Bodi iliyopiga shoti inasoma karibu na sifuri pande zote mbili na mita inalia. Ukiipata, nenda kwenye IGBT (transista kubwa za kukata na kuwasha umeme) zilizobanwa kwenye bati la kupooza, namba kama RJP30H1, RJP63F3, 30F124 au 30J124. Pima mguu wa kati na wa kulia. Iliyokufa itajionyesha, ila ing'oe ndiyo uhakikishe, maana zikifungwa sambamba moja mbovu inafanya zote zionekane mbovu.

Na hapa kuna kosa linalochoma spea za watu kila siku: kufunga bodi mpya ya Y bila kupima bafa. Bafa ndizo zile bodi ndefu zilizosimama ubavuni mwa kioo. IC (chipu) moja ya bafa ikiwa na shoti, bodi mpya ya Y inakufa sekunde unapowasha, halafu fundi anamwambia mteja "umeona, kioo". Pima bafa kwanza, kila IC. Vilevile kagua risista za geti (mguu unaoiamuru IGBT) na draiva (chipu zinazotuma amri hiyo) za IGBT, la sivyo IGBT mpya itapasuka palepale.

Bodi zote zikiwa nzima, soma stika iliyobandikwa nyuma ya kioo. LG wanaandika Vs, Va, -Vy, Vsc na nyinginezo (volti mbalimbali zinazoendesha kioo), na namba hizo ni za kioo hicho tu. TV mbili za modeli moja zinaweza kutofautiana, kwa hiyo usichukue namba za TV ya mwenzako. Picha nyeupe iwake mpaka TV ipate joto, kisha zungusha kirekebisho kidogokidogo mpaka mita ifike namba ya stika. Vidoti vyekundu au vya kijani vinavyochezacheza sehemu za giza mara nyingi ni volti zilizohama, na wapo waliouza TV zao bei ya skrepa kwa sababu ya vidoti hivyo.

Mistari ndiyo inayotenganisha fundi na mbabaishaji. Nusu ya juu au ya chini ikiwa nyeusi, au kipande cha mlalo kimekosekana, ni bafa au soketi zake, na kinatengenezeka. Mkanda mpana wa wima unaweza kuwa ribbon (waya bapa) iliyolegea au bodi ya X ya chini ya LG (si ile X ya Samsung), jaribu kuchomoa ribbon na kuirudisha kwanza. Mistari myembamba ya wima yenye rangi ndiyo habari mbaya: chipu zake ziko kwenye ribbon zilizogandishwa moja kwa moja kwenye kioo. Hiyo, pamoja na kioo kilichopasuka, ndiyo "kioo kimekufa" ninayoikubali. Sema hivyo ukiwa umemwonyesha mteja.

Wauza spea nanyi mnisikilize. Bodi haiuzwi kwa "ya LG inchi 42". LG ina namba ya EAX, ambayo ni ya ubao tu, na ya EBR, ambayo ndiyo ya bodi kamili. Samsung LJ41 ni ubao, LJ92 ndiyo bodi, na pawasaplai ni BN44. Panasonic ni TNPA na herufi za mwisho zina maana. Mnauza kwa kufananisha macho, inaungua, mnakataa kurudisha. Hakuna spea mpya inayotoka kiwandani tena. Kila bodi nzima mnayoichoma kwa uzembe ni TV moja imekufa moja kwa moja.

Umeme nao tuuseme kwa haki, maana ndiyo hoja pekee ya maana ya upande wa pili. Plasma ya inchi 42 inayokula wastani wa wati 220, saa 5 kwa siku, ni uniti 33 kwa mwezi. LED ya wati 80 ni uniti 12. Tofauti ni uniti 21, na kwa takribani shilingi 356 kwa uniti ya TANESCO ni kama 7,500 kwa mwezi. Ukinunua LED ya laki sita ili "kuokoa umeme", utaanza kuokoa baada ya miaka zaidi ya sita. Ila kama upo kwenye tarifu ya wanaotumia chini ya uniti 75, piga hesabu vizuri, plasma inaweza kukutoa humo na hapo hesabu inabadilika kabisa.

Na hiyo LED itafika miaka sita? Taa zake za ndani zimefungwa mfuatano kwenye stripu na kusukumwa kwa umeme mwingi ili ing'ae dukani. Taa moja ikikatika, stripu nzima inazima: sauti ipo, picha haionekani mpaka umulike tochi. Mnaijua nyote. Mnaitengeneza kila wiki.

Ninachotaka ni kidogo. Fundi aandike kwenye karatasi: fyuzi, 5V, Vs, Va, bodi ya Y, bodi ya Z, bafa. Mbele ya kila moja aweke alichosoma. Akisema kioo, anionyeshe mstari wa wima au ufa. Na bodi iliyotolewa irudi kwa mwenyewe.

NYONGEZA, kwa maswali yaliyokuja:

Logo ya chaneli iliyojichora: shusha kontrasti, toa hali ya Vivid (rangi kali), washa Orbiter (inayosogeza picha kidogokidogo). LG nenda kwenye menyu ya ISM, chagua White Wash (skrini nyeupe) uache usiku mmoja. Panasonic ina Scrolling Bar (mstari unaopita kwenye skrini). Kivuli kipya hufutika, cha miaka hakitoki chote.

Mlio wa "zzzz" Nairobi, Mbeya au Njombe: hewa ya mwinuko ni nyepesi, haivibani vioo viwili kama pwani, vinatetemeka zaidi. Si ubovu.

Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar: vumbi lenye chumvi pamoja na kinyesi cha mende kwenye bafa huleta cheche. Brashi laini na spiriti ya kusafishia bodi, iachwe ikauke masaa kadhaa kabla ya kuwasha. Na funga TV gadi inayochelewesha umeme unaporudi.

Haina smart: kisanduku cha Android kwenye HDMI, weka 720p au 1080p. King'amuzi vilevile.

Kusafirisha: isimame wima muda wote, watu wawili, isilazwe kwenye kirikuu hata kwa kilomita moja. Aliyelaza akafika na ufa, huyo sina la kumsaidia, auze bodi zake kwa anayezihitaji na ataje namba zote za EBR.