Ng'ombe watatu Goba, mavi yananishinda. Biogesi inalipa kweli?

Mfugaji_Goba:
Wakuu habari zenu. Nina ng'ombe watatu wa maziwa nawafugia ndani na kuku wa mayai kama mia mbili hivi. Mavi yamejaa nyuma ya banda, masika ikipiga yanatiririka mpaka njiani, majirani washanuna na nzi ndo usiseme. Mkaa nao bei haishikiki. Kuna fundi ananiambia nijenge mtambo wa biogesi, ile gesi ya kupikia inayotokana na mavi, wa kyubiki 12 (mita za ujazo) halafu nitupie humo na mavi ya kuku yote. Ni sawa? Na lile tope linalotoka nalipeleka wapi, maana eneo lenyewe robo eka.

fundi_mwendo:
Mkuu huyo anakuuzia saruji. Piga hesabu mwenyewe, ng'ombe wa ndani anatoa kilo 15 mpaka 20 kwa siku, watatu sema kilo 50, unakoroga na maji kiasi hichohicho, ndoo kwa ndoo, inakuwa kama lita 100. Kwa joto la Dar likikaa humo siku 40 limeshaiva, hiyo ni kyubiki 4 za uji, weka na nafasi ya gesi, kyubiki 6 inakutosha sana. Gesi utapata kama kyubiki 2 kwa siku, jiko la plate moja linawaka masaa matano hivi. Maharage yanaiva na chai juu.
Mavi ya kuku tia kidogo tu uchanganye na ya ng'ombe, yana naitrojeni nyingi, ukiyajaza amonia inapanda, bakteria wanaotengeneza gesi wanadumaa na gesi inakata. Na maji ya kuoshea banda yenye dawa YASIINGIE kabisa, hata ng'ombe akiwa kwenye antibaotiki mavi yake weka pembeni. Gesi ya mwanzo usiiwashe, ina hewa ndani, iachie itoke kwanza.

MamaMatete:
Mdogo wangu wote wanaongelea gesi ila mali iko kwenye hilo tope. Naitrojeni, ile mbolea yenyewe, haipotei mtamboni, inageuka tu kuwa ya kuchukuliwa haraka na mmea, lakini ukiliacha tope juani nyingi inaruka hewani, kwa hiyo chimba shimo la kupokelea ulifunike na makuti, umwage jioni kwenye mfereji kisha ufukie. Panda matete na migomba humo kwenye robo eka yako, matete yanarudi kwa ng'ombe. Mchicha mwagia shinani, sio kwenye majani, mayai ya minyoo hayafi yote mle. Mie kama mtu hana pa kulimwaga simshauri ajenge, atahamisha uchafu kutoka nyuma ya banda kwenda mbele ya banda. Nzi lakini watapungua, hapo nakuhakikishia.

perege_wa_pugu:
Ongezea kabwawa ka sato. Vietnam wana mfumo wanauita VAC, bustani bwawa na banda vyote uani, kila kimoja kinakula cha mwenzake. Tope kidogo linaotesha ule ukijani kwenye maji, sato anakula, maji ya bwawa unamwagilia mboga. Kidogo lakini!! Ukizidisha, alfajiri utakuta samaki wako juu wanahema midomo wazi, oksijeni imeisha.

Mfugaji_Goba:
Asanteni sana. Bwawa litasubiri, maji ya bomba huku kwetu ni kwa ratiba. Matete ninayo kidogo upande wa chini, nitaongeza. Swali dogo fundi, kwa jirani mwenye biogesi sufuria zinanuka mayai viza na jiko limeshaota kutu, ndo kawaida?

fundi_mwendo:
Hiyo ni salfa kwenye gesi. Mwambie aweke kichujio cha bomba lenye stilwaya za kusugulia masufuria, zikishakuwa nyeusi anabadilisha. Na moto ukiwa unadunda dunda ujue maji yameingia kwenye paipu, weka koki ya kuyatolea sehemu ya chini kabisa. Huyo wa kyubiki 12 muulize kwanza hiyo koki ataiweka wapi, akianza kuzungukazunguka tafuta mwingine.