Tupeane uzoefu: tapu ikikatikia ndani ya kipande cha injini, uliitoaje?

Habari za kazi wakuu. Leo naomba tuongelee tapu, kile chombo cha kukatia thredi (njia za bolti) ndani ya tundu, iliyokatikia ndani ya bloku, hedi, kava, popote kwenye injini. Mwenye kisa akimwage hapa: ilikuwa saizi gani, uliitoaje, na kipande kilipona au hakikupona.

Naanza na msimamo wangu. Tapu kukatika hakuui hedi. Kinachoua hedi ni haraka ya baada ya pale. Tapu nyingi ni za chuma cha haispidi, kigumu sawasawa na biti ya drili yenyewe, kwa hiyo biti ya kawaida haiwezi kuila. Inateleza juu yake na kukimbilia alumini laini iliyo pembeni. Nimewahi kuletewa hedi ya aina hiyo: kando ya tapu kumechimbwa shimo kama mwezi mchanga, thredi za upande mmoja zimeliwa zote, na tapu yenyewe bado imekaa palepale inang'aa, haina hata mkwaruzo. Kazi iliyokuwa ya kutoa kipande cha chuma ikageuka kazi ya kujaza hedi kwa kuchomelea na kuichonga upya.

Ndiyo maana ikikatika naweka mpini chini. Nasafisha, naleta taa, naangalia imekatikia juu ya uso au chini, ina mifereji mingapi ubavuni, na kipande ni alumini au chuma cha kusubu. Hilo la mwisho ndilo linaloamua karibu kila kitu. Karibuni.

Bolti Kavu:
Umenena, mkuu. Yangu ilikuwa M10 (ya kipenyo cha milimita 10) kwenye bloku ya chuma cha kusubu, imekatika ikabaki imechomoza kidogo. Nilitumia kile kitoleo chenye vidole vinavyoingia kwenye mifereji ya tapu. Watu wengi wanakidharau kwa sababu vidole vinapinda, lakini vinapinda kwa sababu mifereji imejaa chenga za chuma kilichokatwa. Nilitoa chenga kwanza, kwa sindano na sumaku, halafu upepo wa kompresa nikiwa nimevaa miwani. Nikadondoshea mafuta ya kupenya, nikaenda kufanya kazi nyingine. Niliporudi nikashusha vidole hadi chini kabisa, ile pete inayovishika nikaisogeza mpaka ikagusa uso wa bloku. Hapo ndipo penye siri: pete ikibaki juu, vidole vinakosa mshiko na vinajisokota.

Usizungushe upande mmoja tu. Rudisha kidogo, peleka kidogo, sikiliza mkono. Ilianza kucheza kwa upana wa unywele, nikajua imekubali.

Chomelea Taratibu:
Kama imekatika usawa wa uso, mimi ni mtu wa nati. Najenga tone la chuma juu ya tapu kwa kuchomelea, naweka nati iliyo pana kidogo kuliko tundu, kisha najaza ndani ya nati mpaka vishikane. Kwenye alumini kuna nafuu: chuma unachochomelea hakishikani na ukuta wa tundu, kinashika tapu tu. Kwenye chuma cha kusubu hakuna nafuu hiyo, mkono ukiyumba umeichomelea tapu kwenye bloku yenyewe.

Nati ikishashika, acha ipoe. Najua mtu unatamani kuitia spana ikiwa bado nyekundu, subiri. Ule moto unatanua na kubana tena, na hapo ndipo tapu inapoachia. Chuma cha tapu hakipendi kuchomelewa, kiungo huwa na tabia ya kukatika, kwa hiyo nati ya kwanza ikichomoka usivunjike moyo, weka nyingine. Na kama injini bado imo kwenye gari, toa waya za betri, na kibano cha eathi kikae kwenye kipande kilekile unachofanyia kazi.

Mama Pistoni:
Wakuu, hamjataja shabu, ile ya kutakasia maji. Mimi kazi zangu ni injini ndogo, kava na hedi za alumini, matundu ya M6. Tapu nyembamba hivyo ikikatikia chini huna pa kuishika na huna pa kuichomelea.

Nachukua shabu ya mawe, naiyeyusha kwenye maji ya moto mpaka maji yashindwe kupokea zaidi. Natumbukiza kipande, tundu likiangalia juu ili mapovu yapate njia. Naweka motoni, maji yakae karibu na kuchemka. Baada ya muda utaona mstari wa mapovu madogo unapanda kutoka kwenye lile tundu tu, kwingineko kimya. Hapo ujue chuma kinaliwa. Tapu inageuka tope jeusi, unaikwangua kwa mswaki wa meno, unarudisha kwenye maji mapya. Alumini inafifia rangi kidogo lakini thredi zinabaki salama.

Bolti Kavu:
Dada, inachukua muda gani? Na chombo?

Mama Pistoni:
Kaka, ni saa nyingi. Tapu nene inaweza kuvuka hadi kesho yake, na maji ya baridi ndiyo yanachelewesha zaidi. Chombo kiwe cha kioo kinachostahimili moto. Sufuria ya chuma usijaribu, italiwa nayo. Fanya mahali penye hewa, yale mapovu ni haidrojeni, inashika moto. Na jambo ninalosisitiza kwa kila mtu: toa kwanza kila kitu cha chuma kwenye hicho kipande, bearingi, pini, bushi. Shabu haichagui. Kwa sababu hiyohiyo usiitumie kwenye bloku ya chuma cha kusubu, utapoteza bloku.

Mzee wa Leizi:
Vijana, hongereni. Nami niongeze mawili. Wapo wanaopiga tapu kwa panchi mpaka ipasuke vipande vipande. Inawezekana, hasa tapu za chuma cha kaboni, ni ngumu lakini zinavunjika kirahisi. Ila vile vipande vinaruka kama risasi, na ukuta mwembamba wa bloku unaweza kupata ufa usiouona mpaka maji yaanze kuvuja. Mimi sipigi karibu na njia ya maji wala ya oili.

Biti ya kabaidi, ngumu kuliko haispidi, inaweza kula tapu, kweli, lakini kwa mashine iliyofungwa imara na kipande kimebanwa kisitikisike. Kwenye drili ya mkono kabaidi inapasuka mara moja, na sasa una vitu viwili vigumu ndani ya tundu moja.

Hedi ya thamani naipeleka kwenye mashine ya cheche. Elektrodi ya shaba inashuka ndani ya kimiminika, cheche zinakula kiini cha tapu kidogo kidogo bila kugusa ukuta. Ugumu wa chuma haujalishi kabisa. Kiini kikiisha, mabaki kwenye thredi unayanyofoa kwa sindano. Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mashine za namna hiyo zilitengenezwa kwa shida hii hii, kutoa tapu na biti zilizokatikia ndani ya vipande vya alumini.

Chomelea Taratibu:
Mzee, shikamoo. Na kuzuia je?

Mzee wa Leizi:
Marahaba. Anza na tundu. Kwenye kipenyo punguza lami ya thredi, yaani umbali wa thredi moja hadi nyingine, vyote kwa milimita: M8 yenye lami ya 1.25 inataka biti ya 6.8, M10 ya 1.5 inataka 8.5, M6 ya 1 inataka 5. Tundu likibana kwa nusu milimita tu, tapu inabeba mzigo isioumbiwa. Kwenye alumini tia mafuta ya taa, na kila baada ya kuzungusha kidogo rudisha nyuma mpaka usikie chenga imekatika. Tundu lisilopenya, toa tapu nje kabisa mara kwa mara umwage chenga. Mpini shika kwa mikono miwili. Mkono mmoja unaivuta tapu upande, na tapu haipindi.

Spana Kumi:
Wakuu shikamooni. Mimi ninayo mezani sasa hivi. M6, kava ya alumini ya upande wa klachi, tundu halipenyi, imekatikia chini ya uso. Bearingi bado imo.

Mama Pistoni:
Marahaba mdogo wangu. Drili iache ilipo. Pasha kava moto taratibu pande zote, bearingi itatoka bila kupigwa nyundo, maana alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Angalia na nyuma kama kuna pini. Kisha safisha oili yote, shabu haipiti kwenye mafuta. Ukifika hapo tuwekee picha ya tundu kabla hujaitumbukiza.