Kaandika YA ZAMANI ubaoni, katuwekea mpya, halafu ananiita JJAJJA mbele ya mwanangu!!

Mwana_Bombo:
Ndugu zangu, nimefika nyumbani sasa hivi, viatu sijavua, mikono bado inatetemeka. Yule mtu wa kibanda cha filamu Bwaise, hapa Kampala, yule yule, sina haja ya kumtaja, nyote ameshawala elfu moja zenu pale. Leo kanimaliza.

Ubaoni kaandika kwa chaki, herufi kubwa kama za mnada: KARATE KID, YA ZAMANI. Na kapigia mstari mara mbili! Mimi wiki nzima namsimulia mwanangu: utamwona mzee Miyagi, utamwona kijana anaambiwa asugue magari, apake uzio rangi, anadhani kageuzwa kibarua, kumbe mikono inajifunza kukinga ngumi. Filamu ya 1984 hiyo. Niliiona 1992 nina miaka kumi, nimekaa mkekani, mkalimani kashika maikrofoni, anamzungumzisha Miyagi Kiganda kama mzee wa Masaka anayemgombeza mjukuu. Sauti ile ninayo masikioni mpaka leo.

Taa zikazimwa. Naona ndege. Ndege inakwenda Beijing! Hapo hapo nikajua nimeibiwa. Ni ile ya 2010, ya Jackie Chan na mtoto wa Will Smith. Hakuna gari, hakuna uzio, mtoto anavua koti, analitupa, analiokota, analitundika, kutwa nzima. Na anachofundishwa ni kung fu! Jina karate, ndani kung fu! Unaandika matooke ubaoni, unapakua posho!

Nikasimama kwa adabu, nikasema, "Ssebo, hii siyo." Akachukua tochi. Akanimulika usoni, kibanda kizima kimegeuka, akasema: "Jjajja, tuula!" Babu, kaa chini. Mimi! Nina miaka 43! Mvi sina hata moja! Na mwanangu akacheka.

Hawa Wamarekani nao wamekosa hadithi? Hata tamthilia za TV: wamemfufua MacGyver 2016, wamemfufua Walker 2021. Walker bila Chuck Norris ni nini? Ni kofia tu! Lakini wao wako mbali. Huyu wa tochi yuko Bwaise, kesho anafungua tena. Tochi, ndugu zangu. Usoni. Jjajja!

Fundi_Redio:
Pole kaka. Mimi aliniwekea RoboCop ya 2014, akaapa ni ile ya 1987. Nikamwambia Robo wetu anang'aa kama sufuria jipya, huyu mbona mweusi? Akasema kapakwa rangi.

Kijana_wa_Kisenyi:
Jjajja, tuula 😂😂

Mwana_Bombo:
Wewe mtoto, nitakutafuta.

Kijana_wa_Kisenyi:
Sasa mzee wangu, mimi hiyo ya 2010 ndiyo niliyokua nayo. Niliiona nina miaka sita. Kwangu hiyo ndiyo ya zamani. Ubao haukudanganya.

Mwana_Bombo:
YA ZAMANI?? Chupi zangu ni za zamani kuliko hiyo filamu!

Mama_Hadija:
Hizo chupi tupa, baba. Lakini niambie, mtoto aliipenda?

Mwana_Bombo:
Aliipenda, dada. Ndiyo inayoniuma. Tangu tumefika yuko mlangoni na koti la shule, anavua, anatundika kwenye msumari, anavaa. Nikamwambia twende nikufundishe ile ya kusugua gari, akaniuliza, "Gari lipi, baba?"

Fundi_Redio:
Mpeleke akaone ile ya 2025, wamewaweka pamoja, Jackie Chan na yule kijana wetu Ralph Macchio. Mtapatana.

Mwana_Bombo:
Sitaki. Huyo mtu ataniandikia 2025 ubaoni, aniwekee ya kuku na mbweha.

Dereva_Malaba:
Nyinyi mnalia karate, mimi nalia Simba wa katuni ya Lion King. Yule wa 1994 akifiwa na baba yake unalia naye, uso wote unaongea. Huyu wa 2019 baba kafa, sura imekauka kama simba wa pale Entebbe aliyeshiba anasubiri wageni waondoke. Wanangu waliniuliza kama amesikia kwamba baba amekufa!

Mama_Hadija:
Huo ni ukweli. Mimi nililia 1994 peke yake.

Kijana_wa_Kisenyi:
Mnaongea vya zamani kuharibiwa, kuna mtu ameona rolex, zile chapati za kukunjiwa mayai, za Wandegeya siku hizi? Yai MOJA. Unaona mwanga upande wa pili.

Dereva_Malaba:
Yai moja?!

Kijana_wa_Kisenyi:
Yai moja, ssebo. Nyanya vipande viwili, navyo vimekosana, kila kimoja kwenye ncha yake. Nilipouliza, jamaa kaniambia hiyo ndiyo ya sasa.

Mwana_Bombo:
Jamani turudi kwenye mada. Alinimulika tochi.

Fundi_Redio:
Rolex nilizokula nikiwa fundi mwanafunzi zilikuwa na mayai mawili, chapati nzito, karatasi ya gazeti inalowa mafuta unasoma habari ya upande wa pili. Leo wanafunga kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, chapati inatoka jasho.

Mama_Hadija:
Kaveera na chakula cha moto! Hao washtakiwe.

Dereva_Malaba:
Njooni Busia. Mama mmoja pale stendi bado anaweka mayai mawili na kitunguu cha kutosha, na hakuulizi.

Mwana_Bombo:
Usoni, nawaambia. Mbele ya mwanangu.

Kijana_wa_Kisenyi:
Dereva, huyo mama anafunga saa ngapi?