Corolla ya 1994 huzimika ikipata moto: nianze kupima nini?

Swali, kutoka kwa mkazi wa Kibaha

Ndugu zangu, ninaendesha Toyota Corolla AE100 ya mwaka 1994, injini 5A-FE. Asubuhi gari huwaka mara moja, lakini baada ya dakika kama 40, hasa katika foleni ya Kimara jua likiwa kali, huzimika ghafla. Nikipiga stata injini huzunguka kwa nguvu bila kuwaka. Nikisubiri robo saa huwaka kana kwamba halikuwa na tatizo lolote. Nimekwisha kubadilisha plagi, chujio la petroli na pampu. Juzi lilizimika nikiwa na watoto, lori likiwa nyuma yetu, na tangu siku hiyo ninaliogopa.

Jibu, kutoka kwa fundi umeme wa magari

Pole sana. Tafadhali usinunue kifaa kingine kabla ya kujua kinachokosekana gari linapozimika: cheche au petroli. Jibu hupatikana ndani ya zile dakika 15 tu, kwa sababu gari likishapoa kila kipimo kitakuambia kuwa ni zima. Tembea na plagi ya akiba. Likizimika, sogea kando ya barabara, chomoa waya mmoja wa plagi, uuvishe plagi hiyo, uilaze juu ya chuma cha injini mbali na mipira ya petroli, kisha mwenzako apige stata huku wewe ukiangalia kama plagi inatoa cheche, bila kuishika.

Mimi naishuku koili, yaani kifaa kinachoongeza nguvu ya umeme wa betri ili plagi itoe cheche, ambayo kwa kawaida katika injini hii imo ndani ya distributa, kifaa kinachogawa umeme huo kwa kila plagi. Waya wake mwembamba ukipata ufa, joto huutanua ukaachana, na ukipoa hugusana tena.

Jibu, kutoka kwa mmiliki wa gari kama hilo

Naongeza upande wa petroli. Pampu mpya haisaidii ikiwa rilei yake, yaani swichi ya umeme inayoiwasha, haipitishi umeme, na risasi ya kuunganishia nyaya (solda) iliyochomelewa ndani ya rilei kuukuu hupasuka. Katika kisanduku cha kupimia kilicho chini ya boneti, unganisha kwa waya matundu yaliyoandikwa FP na +B, swichi ya gari ikiwa imewashwa: pampu ikinguruma na gari likawaka, tatizo limo katika rilei au nyaya zake.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Leo mchana lilizimika tena. Pampu ilisikika vizuri, lakini plagi haikutoa cheche hata moja. Lilipopoa, cheche zilirudi.

Fundi umeme

Basi petroli tuiache. Kabla ya kununua, kagua soketi ya distributa na waya wake wa athi (unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari), kwani kutu hapo huleta dalili hizihizi, kisha pima ukinzani wa koili ikiwa baridi na upime tena ikiwa moto. Kipimo kikiruka au kukatika kabisa kwa joto, badilisha koili. Ukiletewa distributa iliyotumika, idai ipimwe ikiwa moto kabla hujalipa.